Kituo, Idhaa na Chaneli: Uhakiki wa Istilahi za Televisheni na Matangazo ya Michezo

Ofisini kwetu huletwa tafsiri za kila namna ili zikaguliwe kabla ya kupigwa muhuri: vyeti vya ndoa, hati za mashamba, maelezo ya matumizi ya dawa. Siku moja aliingia mzee mmoja, mweka hazina wa klabu ya mpira ya mkoani, akiwa na mkataba uliotafsiriwa mahali pengine. Kando ya kifungu kimoja alikuwa amepiga mstari kwa wino mwekundu. Kifungu hicho kilisema kwamba klabu “inauza haki za matangazo moja kwa moja kwa chaneli ya michezo ya mkoa”. Baada ya kuamkiana, mzee alitoa miwani yake na kutuuliza maswali matatu, kwa utaratibu wa mtu aliyezoea kukagua daftari la fedha.

“Wanangu,” alisema, “haya matangazo ndiyo yale mabango ya pembeni mwa uwanja, au ni picha za mechi? Hii moja kwa moja maana yake tunauza tusirudi tena, au mechi inaonekana papo hapo? Na mkoa huu ni wetu sisi, au ni mkoa gani?”

Tulipoilinganisha tafsiri na nakala ya asili tuliona kuwa mzee alikuwa na haki ya kuuliza yote matatu. Kilichokuwa kikiuzwa ni haki ya kuonyesha mechi wakati zinapochezwa. Mabango hayakuhusika hata kidogo. Uuzaji wenyewe ulikuwa wa misimu michache tu. Na chaneli iliyotajwa haikuwa ya mkoa wowote, bali ilikusudiwa watazamaji wa nchi za Afrika Mashariki. Kulikuwa na utata wa nne ambao mzee hakuugusa. Katika maneno “chaneli ya michezo ya mkoa” kiunganishi cha mwisho kinaweza kufuata chaneli, na kinaweza pia kufuata michezo, kwa kuwa ngeli hizo mbili zina kiambishi kimoja cha upatanisho. Je, chaneli ndiyo ya mkoa, au michezo ndiyo ya mkoa? Sarufi haisemi.

Hatukusudii kumlaumu mfasiri yule. Hakuvunja kanuni yoyote, wala hakutunga neno lolote la ajabu. Aliyaokota maneno yaliyo midomoni mwa watangazaji, magazetini na katika barua za ofisi za umma. Lawama, kama ipo, inatuhusu zaidi sisi tunaofanya kazi ya istilahi. Televisheni iliingia nchini ikiwa kitu kimoja, tukaipa majina matatu au manne yanayobadilishana. Kisha historia ikakivunja kitu hicho vipandevipande, na kila kipande kikawa na mwenyewe, leseni yake na bei yake; majina yakabaki yanabadilishana kama zamani.

Redio Ilikuwa Imekwisha Kutufundisha

Wasomaji wetu wa umri mkubwa watakumbuka kwamba Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa moja, na ndani yake mlikuwa na Idhaa ya Taifa na Idhaa ya Biashara, kila moja na vipindi vyake, pamoja na huduma iliyoelekezwa nje ya nchi, ambayo wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika waliitegemea. Msikilizaji wa kawaida kijijini hakuhitaji kuelezwa tofauti ya kituo na idhaa. Kituo kilikuwa na mahali: kilikuwa Pugu Road, Dar es Salaam, kilikuwa na majengo, wafanyakazi na mitambo. Idhaa ilikuwa mfululizo wa vipindi uliotoka katika kituo hicho kwa ajili ya wasikilizaji fulani. Hata shirika la London lilipoanza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1957, hakuna aliyesema kwamba kuna kituo cha Kiswahili. Ilikuwa Idhaa ya Kiswahili, na hivyo ndivyo ilivyoitwa tangu hapo.

Neno idhaa tulilipata kutoka Kiarabu, ambamo lina maana pana ya utangazaji na ya redio yenyewe. Kiswahili kililibana. Tunasema hili kwa makusudi, kwa sababu wako wanaoamini kuwa lugha yetu hukopa tu na haichongi. Hapa ilikopa, ikachonga, ikapata istilahi yenye mpaka ulio wazi kuliko ile ya lugha ilikotoka. Laiti televisheni ingalirithi chombo hicho, sehemu kubwa ya makala hii isingalikuwa na sababu ya kuandikwa.

Televisheni Ilikuja Ikiwa Mwili Mmoja

Kenya ilianza matangazo ya televisheni mwaka 1962, na Uganda mwaka 1963. Zanzibar ilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena kwa picha za rangi, wakati ambapo nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado na picha nyeusi na nyeupe au hazikuwa na televisheni kabisa. Tanzania Bara ilikaa muda mrefu ikiitazama kwa mbali. Iliaminika kwamba ni chombo cha anasa, kitakachowafikia wakazi wachache wa mijini, ilhali redio ilikwisha kufika vijijini kwa gharama ndogo. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ndiyo iliyofungua mlango kwa watu binafsi, na mwaka 1994 Dar es Salaam ikapata ITV, DTV na CTN. Televisheni ya Taifa ilikuja nyuma ya hizo, jambo ambalo ni kinyume kabisa cha historia ya redio.

Tarehe hizi tunazitaja kwa sababu ya lugha. Kila moja ya televisheni hizo ilipoanza ilikuwa na studio yake, mnara wake, masafa yake na mfululizo mmoja tu wa vipindi. Hapakuwa na idhaa mbili ndani ya kituo kimoja, basi neno idhaa halikuwa na kazi ya kufanya, likaachwa redioni. Ukisema kituo, stesheni, chaneli au televisheni, ulikuwa umekitaja kitu kile kile, na hakuna aliyedhurika. Fundi mitambo peke yake ndiye aliyekuwa na maana tofauti: kwake chaneli ilikuwa nafasi katika masafa, yenye namba yake. Mtazamaji aliyezungusha kitasa cha seti yake aliichukua namba hiyo kuwa ndiyo televisheni yenyewe. DTV, ambayo jina lake lilikuwa na maana ya televisheni ya Dar es Salaam, baadaye iliitwa Channel Ten, na kuanzia hapo neno hilo likawa jina la taasisi, mbali kabisa na karakana ya fundi.

Kuna sababu nyingine, ya kisarufi, iliyowafanya wafasiri walipende neno kituo. Linaingia katika ngeli ambayo upatanisho wake hauchanganyiki na wa michezo. “Kituo cha michezo cha mkoa” hakina utata: kituo ndicho cha mkoa. Ukitaka kinyume chake, utasema “kituo cha michezo ya mkoa”. Hii ni faida kubwa, na tunaitambua. Lakini faida ya upatanisho haitoshi kuhalalisha neno lisilo na maana inayotakiwa.

Mwili Ulivyogawanyika

Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na miji mingine ikafuata kwa zamu. Magazeti yaliliandika jambo hili kama habari ya ufundi na ya bei za vifaa. Kwa mtu wa istilahi lilikuwa jambo kubwa zaidi. Chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, leseni ya maudhui ni kitu kimoja, na leseni ya miundombinu ni kitu kingine. Kampuni tatu zilipewa kazi ya kujenga na kuendesha mitambo ya kurushia picha za dijitali, na waliokuwa na studio wakalazimika kuzipeleka picha zao kwa hao. Kituo kilichokuwa na mnara wake juu ya paa kikaamka asubuhi kikiwa hakina mnara. Kilibaki na watu, kamera na vipindi.

Je, hicho bado ni kituo? Tuliposhika kalamu kujibu swali hili tulikuwa na maoni tofauti, na hatukuona aibu kutofautiana. Wengine walisema kituo lazima kiwe na uwezo wa kurusha, la sivyo kiitwe kampuni ya vipindi. Tulio wengi tuliona kwamba mtu huenda kituoni kumwona mhariri, si kuuona mnara, na kwa hiyo neno libaki kwa taasisi yenye studio na leseni ya maudhui. Mwenye mitambo apewe jina lake: msambazaji wa mawimbi. Ni jina refu, lakini halimdanganyi mtu.

Kwamba mgawanyiko huu si mchezo wa maneno kulionekana Kenya mapema mwaka 2015. Televisheni kubwa za kibinafsi za huko, NTV, KTN na Citizen, zilikuwa katika mgogoro na serikali juu ya nani asambaze mawimbi yao ya dijitali. Mitambo yao ya analojia ilipozimwa mwezi Februari, ziliondoka hewani kwa karibu wiki tatu. Studio zilikuwepo, watangazaji walikuwepo, fedha zilikuwepo. Kilichokosekana ni njia ya kufikisha picha kwa mtazamaji kwa masharti waliyoyakubali. Katika taarifa nyingi za Kiswahili tulizozisoma wakati ule, mambo hayo yote yaliitwa “kuzimwa kwa vituo”, na msomaji asingeweza kujua kama ni studio zilizofungwa, leseni zilizofutwa au mitambo iliyozimwa.

Hapa kwetu mfano uko karibu zaidi. Mwezi Agosti 2018 Mamlaka ya Mawasiliano iliyataka makampuni yenye ving'amuzi vya setilaiti vya kulipia yaziondoe chaneli za kitaifa zisizolipiwa, kwa maelezo kwamba leseni zao hazikuwaruhusu kuzibeba. Wasambazaji wa mitambo ya ardhini ndio waliokuwa wamefungwa na sharti la kuzibeba chaneli hizo. Watazamaji walilalamika sana. Mtu amelipia king'amuzi chake, anakiwasha, haoni taarifa ya habari aliyoizoea. Anasema kituo kimezimwa. Kituo hakikuzimwa, kinaendelea kutangaza na jirani mwenye king'amuzi cha aina nyingine anakitazama. Kilichotokea ni kwamba chaneli imeondolewa katika kifurushi. Ofisa wa umma anayejibu malalamiko kwa maandishi lazima aijue tofauti hiyo, kwa kuwa ndani yake mna jibu la swali la kwanza la mwananchi: amlalamikie nani, mwenye studio, mwenye kifurushi, au aliyetoa leseni?

Katika mjadala ule ule lilivuma jina “chaneli za bure”. Tunalipinga. Bure kwa Kiswahili ni bila malipo, lakini ni pia kisicho na faida wala maana, na mwenye chaneli asingependa kuitwa hivyo katika hati ya serikali. “Chaneli zisizolipiwa” ni refu kidogo, nalo linasema linalotakiwa.

Tusiwe wachoyo wa sifa. Zama hizo hizo zilituletea king'amuzi, neno ambalo kwa maoni yetu ni miongoni mwa istilahi zilizofanikiwa kuliko zote za karne hii. Mzizi wake ni kung'amua, yaani kutambua jambo lililofichika, na hiyo ndiyo kazi ya chombo chenyewe: hupokea mawimbi yaliyofungwa na kuyatambua. Lilienea kwa haraka kwa sababu kila nyumba yenye televisheni ilikihitaji chombo, na jina likaja pamoja na chombo. Wauzaji wa Kariakoo walilitamka kabla walimu hawajalifundisha. Kifurushi nalo limekaa vizuri. Furushi la nguo hufungwa na mwenyewe, na huchanganya vinavyohitajika na visivyohitajika. Aliyepata kulipia chaneli arobaini ili atazame mbili anaelewa kwa nini neno hili limekubalika.

Chaneli Zinazoishi kwa Haki

Sasa tufike kwenye michezo, ambako fedha ni nyingi na uzembe wa maneno una gharama. Televisheni za mwanzo zilionyesha mpira kama kipindi kimojawapo, kati ya taarifa ya habari na tamthilia. Chaneli ya michezo ni kitu cha namna nyingine. Mali yake kubwa si studio wala mitambo, bali karatasi: mkataba unaoipa haki ya kuonyesha ligi fulani, kwa muda fulani, katika eneo fulani. Karatasi ikiisha, chaneli hubaki jina tupu.

Afrika Mashariki imeyaona hayo kwa macho. Mwaka 2007 kampuni ya GTV iliingia sokoni, ikiwa imenunua sehemu kubwa ya haki za Ligi Kuu ya Uingereza kwa Afrika. Ilifungwa Januari 2009 katikati ya msimu, na wateja wake katika nchi nyingi wakabaki na visanduku visivyoonyesha kitu. SuperSport ya Afrika Kusini ilifadhili na kuonyesha ligi ya Kenya kwa karibu muongo mmoja, kisha ikajitoa mwaka 2017 baada ya ligi hiyo kuongezwa timu hadi 18; vilabu vilivyozoea fedha hizo viliyumba. Tanzania, Azam TV ilianza mwishoni mwa mwaka 2013 ikiwa na haki za Ligi Kuu, na mwaka 2021 mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6 ulitiwa saini baina ya kampuni hiyo na Shirikisho la Mpira wa Miguu.

Mkataba wenye fedha za kiasi hicho unauza nini? Muulize shabiki, atakwambia “haki za matangazo”. Hapo ndipo yule mzee wetu aliposimama. Matangazo ni habari zinazosomwa hewani, ni biashara inayonadiwa, ni karatasi inayobandikwa ukutani kuita mkutano wa kijiji. Mtangazaji naye ni asomaye habari, ni aelezaye mchezo, na ni anadiye sabuni. Katika mazungumzo hali huonyesha maana. Katika mkataba hali haipo. Kuna wino tu. Na uwanja wa mpira ndipo mahali ambapo maana zote mbili hukutana: kamera zinapeleka mechi, na mabango yanatangaza biashara mbele ya kamera hizo hizo. Mwenye haki ya moja si lazima awe mwenye haki ya nyingine. Pendekezo letu ni kwamba katika hati za kisheria litumike “haki za kuonyesha” kwa picha, “haki za kutangaza kwa redio” kwa sauti, na “haki za mabango na matangazo ya biashara” kwa hayo mengine. Mwanasheria atasema ni maneno mengi. Tunamjibu kwamba shauri mahakamani lina maneno mengi zaidi.

“Moja kwa moja” ni ugonjwa wa aina hiyo hiyo. Barabara huenda moja kwa moja, mtu huhama moja kwa moja, mali huuzwa moja kwa moja bila dalali, na mechi huonyeshwa moja kwa moja. Kwa hiyo tuko upande wa mbashara. Tunafahamu kwamba neno hili lilichekwa lilipoanza kusikika, na wapo wenzetu waandamizi wanaolikataa mpaka sasa wakisema linanukia Uarabuni. Hoja hiyo haina uzito. Hata habari na wakati vinanuka hivyo. Udhaifu wake wa kweli ni kwamba halizai: huwezi kupata kitenzi wala nomino ya mtendaji kutoka humo bila kujikwaa. Lakini lina maana moja, na katika mkataba maana moja ni utajiri. Mtangazaji hewani aendelee kusema apendavyo.

Neno michezo tutalipita haraka. Waliokua na redio wanajua kuwa Pwagu na Pwaguzi nao ulikuwa mchezo, na televisheni zetu za miaka ya 1990 zilijaa michezo ya kuigiza. Kijana wa leo akisikia “chaneli ya michezo” hafikirii jukwaa. Matumizi yamekwisha kuamua, nasi hatuna sababu ya kushindana nayo.

Mkoa, Kanda na Ndani

Kinachotusumbua zaidi ni maneno ya eneo. Leseni zetu za maudhui zimegawanywa kwa upana wa soko: taifa, mkoa, wilaya. Katika mfumo huo mkoa ni mkoa wa kiserikali, wenye mkuu wake na mipaka yake. Abood ya Morogoro ilipoanza ilieleweka hivyo. Halmashauri kadhaa za miji nazo zilipata kuwa na televisheni ndogo, ambazo zilikuwa za mahali kwa maana iliyo wazi kabisa: picha yake haikuvuka vilima vya mji.

Lakini neno lile lile la kigeni linalofasiriwa mkoa katika leseni, katika mikataba ya michezo lina maana mbili nyingine. Huko Marekani, ambako chaneli za namna hii zilianza kukua tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, linataja eneo la mashabiki wa timu za jiji fulani, ambalo linaweza kukata vipande vya majimbo matatu au manne. Si eneo la utawala; ni eneo la mapenzi ya timu, lililowekewa mipaka na mikataba. Chaneli hizo nazo ziliishi kwa haki na ada za vifurushi, na kampuni iliyokuwa na chaneli nyingi kuliko nyingine, Diamond Sports Group, iliomba hifadhi ya sheria ya ufilisi Machi 2023. Katika matumizi ya makampuni yanayouza Afrika, neno hilo hutaja kundi la nchi. Mkoa haufai popote katika hayo mawili. Nchini Kenya haufai hata kwa utawala, kwa kuwa tangu mwaka 2013 kaunti zimeshika nafasi yake.

Wengi hukimbilia kanda. Kwa kundi la nchi linafaa, na Jumuiya ya Afrika Mashariki imelizoesha. Ndani ya nchi hatuna uhakika, kwa sababu Mtanzania akisikia kanda anafikiri Kanda ya Ziwa, yaani mikoa kadhaa kwa pamoja. Na fundi wa studio wa zamani anafikiri utepe wa kurekodia. Kwa maoni yetu hati itaje nchi zenyewe kwa majina: “chaneli ya michezo kwa ajili ya Tanzania, Kenya na Uganda”. Jina la jumla litumike katika utangulizi tu, si katika kifungu kinachotoa haki.

“Chaneli za ndani” nalo linahitaji tahadhari. Katika sakata la 2018 lilikuwa na maana ya chaneli za Tanzania zikilinganishwa na za nje. Mtu wa Mwanza au Mtwara akiulizwa chaneli ya ndani angeweza kutegemea ile inayoonyesha mji wake, na angekosa, kwa kuwa nyingi ya hizo zilihaririwa Dar es Salaam. Za Tanzania ziitwe za kitaifa. Zinazohudumia mji mmoja ziitwe za mji. Kienyeji tusilitumie kabisa. Limebeba dharau ya muda mrefu, na kwa kuku tu ndiko lilikopata heshima.

Limebaki suala la idhaa. Tungependa kusema lirudi. Shirika lenye chaneli mbili au tatu liko leo katika hali ile ile ya Radio Tanzania ya zamani: kituo kimoja, mifululizo kadhaa. Tulilijaribu neno hilo katika mafunzo ya wafasiri, tukaona nyuso. Kwao idhaa ni ya redio, na hasa ya mataifa ya nje yanayotangaza kwa Kiswahili. Chaneli imekwisha kulishika jambo hili, nasi tunalikubali kwa mfululizo wa vipindi vya televisheni, kwa sharti kwamba nafasi katika mawimbi iitwe masafa na taasisi iitwe kituo. Utata wake wa upatanisho uepukwe kwa kupanga maneno upya: “chaneli ya mkoa inayoonyesha michezo”, au “chaneli inayoonyesha michezo ya mkoa”.

Mkataba wa yule mzee ulirudi kwa mfasiri na kusahihishwa. Kifungu sasa kinasema kwamba klabu “inatoa, kwa misimu mitatu, haki ya kuonyesha mbashara mechi zake za nyumbani kwa chaneli ya televisheni inayoonyesha michezo katika Tanzania, Kenya na Uganda, haki za mabango zinabaki kwa klabu”. Mzee aliusoma taratibu, akatikisa kichwa kuridhika, akafunua ukurasa uliofuata. Humo kulikuwa na maneno “mechi za marudio”. Akauliza kama ni michezo ya mkondo wa pili baina ya timu zile zile, au ni mechi ile ile kuonyeshwa tena usiku. Mfasiri alikuwa na maana hii ya pili. Katibu wa klabu alikuwa ameielewa ile ya kwanza. Suala hilo bado liko mezani kwetu, na msomaji mwenye neno linalofaa tunamwomba atuandikie.